UZI: CBCT ya meno, miaka 10 ijayo kiboreshwe nini kwanza? Mimi nasema si vokseli

#1 Fundi_Darajani

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Brosha za mashine mpya za CBCT ya meno (CT ya mwale wa koni: eksirei inayozunguka kichwa na kujenga picha ya pande tatu) zinashindana kwa namba moja tu: vokseli, yaani upande wa kijimchemraba kinachounda picha hiyo. Juzi 0.2 mm, leo 0.075 mm. Hoja yangu ni kwamba mbio hizo zimeshagonga mwamba, na maboresho ya maana yatatoka kwengine.

Hesabu yenyewe fupi. Chukua mashine yenye doa la fokasi (doa la tyubu linalotoa eksirei) la 0.5 mm, kipimo kilichozoeleka, na ukuzaji wa 1.4 (umbali wa tyubu hadi detekta, bamba linalopokea mionzi, ukigawa kwa umbali wa tyubu hadi katikati ya kichwa). Nusukivuli (ukungu wa ukingo) kwenye jino ni 0.5 × 0.4 ÷ 1.4, yaani 0.14 mm. Detekta bado haijaguswa, na ukingo wa mzizi umeshamwagika juu ya vokseli mbili za 0.075. Hapo bado mwanga haujasambaa ndani ya sindano za sesiamu iodidi (fuwele za detekta zinazogeuza eksirei kuwa mwanga), na mgonjwa hajatikisika. Kinachokua bila shaka ni faili: eneo la 5 × 5 cm kwa vokseli 0.2 ni kama MB 31, kwa 0.075 ni karibu MB 600.

Sasa swali: kitakachobadilisha kazi ni detekta, chanzo cha mionzi, programu, au kumtuliza mgonjwa? Wenye elimu yao waje.

#2 DktMeno_Migombani

Waalaykum salaam. Fundi, hesabu nimeielewa ila vokseli usiifute moja kwa moja. Mfereji wa pili kwenye mzizi wa mbele upande wa shavu wa gego la kwanza la juu, kwa 0.3 mm mara nyingi huuoni. Kwa 0.1 unatokeza kama nukta nyeusi pembeni mwa mfereji mkuu, na hiyo nukta ndiyo inayoamua kama ruti kanali (tiba ya mfereji wa jino) itafaulu. Kipandikizi, 0.2 inatosha. Mtoto wa kunyooshwa meno, kama kweli kuna sababu ya CBCT, 0.3 au 0.4. Kila swali lina vokseli yake.

Kizuizi ni dozi. Ukipunguza upande wa vokseli kwa nusu, ujazo unabaki sehemu moja ya nane, kwa hiyo unahitaji fotoni (chembe za mionzi) mara 8 ili chenga za kwenye picha zibaki vilevile.

#3 Maalim_Fizikia

Dokta, tuwekane sawa: ni mara 16, si 8.

Nane ingetosha kama kila vokseli ingepimwa peke yake. Hapa thamani ya vokseli inajengwa kutokana na mamia ya picha ghafi (eksirei bapa zinazopigwa mashine ikizunguka), na kichujio kinachotumika kwenye algoritimu ya Feldkamp, Davis na Kress (1984, mpaka leo ndiyo mama wa CBCT) kinakuza zaidi mabadiliko madogomadogo, na humo ndimo chenga zinamokaa. Ukali ukiongezeka mara mbili kwenye bapa, chenga zinadai fotoni mara 8. Kipande kikiwa chembamba mara mbili, zidisha tena kwa 2. Kwa dozi ileile, kutoka 0.2 kwenda 0.1 chenga zinapanda mara 4.

Mtengenezaji hatoi dozi mara 16, na hafai kutoa. Anachofanya ni kulainisha picha baada ya kuijenga, na ukali ulioulipia unaondoka kwa mlango wa nyuma. Kwa hilo namuunga mkono mwenye uzi.

#4 BintiChake

Nyote mnazungumza kama vile kichwa kimefungwa kwa misumari. Skani nyingi ni sekunde 10 hadi 20. Kwa muda huo mgonjwa anameza mate, anavuta pumzi, na macho yanafuata mkono wa mashine unapopita mbele yake. Macho yakifuata, kichwa kinafuata.

Utaratibu unaopunguza hayo: akae, asisimame. Kidevu kwenye kishikio, mkanda wa paji la uso ukaze lakini usiume. Azungushiwe mara moja bila mionzi ili aujue mlio na mwendo. Ameze kwanza, kisha ulimi juu kwenye kaakaa, meno yang'ate kishikio, macho afumbe. Picha ikitoka, kabla hujamwachia aondoke, angalia ukingo wa chini wa taya la chini: mstari mweupe wa ganda la mfupa ukiwa wawili, ametikisika. Aliyetoka Micheweni na keshakwenda zake, kumrudisha ni siku nzima ya mtu.

Kwa hiyo jawabu langu: kwanza irekebishwe kasoro ya mtikisiko. Programu za namna hiyo zimeshaanza, Planmeca wanaiita CALM. Kwa kila picha ghafi inatafutwa nafasi ya kichwa kwa namba sita, tatu za kusogea na tatu za kuzunguka, halafu picha inajengwa upya.

#5 Mkoani_Eksirei

Namba 4 umegusa penyewe. Wa Unguja wao wanatafuta fokasi, sisi huku Pemba tunamwambia mtu tulia na anatulia 😀

#6 Maalim_Fizikia

Yakhe Mkoani, salamu zimefika.

BintiChake, namba sita zinafaa kama kichwa ni kitu kimoja kigumu. Taya la chini lina bawaba yake mbele ya sikio. Mtu akimeza, fuvu na taya la juu vinaweza kubaki palepale huku taya la chini limeshuka na kurudi. Ukirekebisha kwa kufuata fuvu, magego ya chini yanaharibika. Ukifuata taya la chini, sinasi (matundu ya hewa juu ya taya la juu) zinaharibika. Njia inayotafutwa ni seti mbili za namba, moja kwa kila taya, na mpaka kati yao. Kwenye eneo dogo la 4 × 4 cm kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu alama za kufuata ni chache na sehemu kubwa ya kichwa iko nje ya picha.

Njia nyengine ni kufupisha skani, na huko pia kuna mlango umefungwa. 90 kV (volti ya tyubu) kwa 8 mA (mkondo wake) ni wati 720 juu ya doa la 0.5 mm. Sekunde 15 ziwe 5 kwa mionzi ileile, unahitaji 24 mA, yaani wati 2,160. Tyubu nyingi za meno zina anodi isiyozunguka, haihimili joto hilo kwenye doa dogo hivyo. Ukikuza doa ili lihimili, umerudi kwenye nusukivuli cha Fundi.

#7 Fundi_Darajani

Ndipo hapo hasa. Kila ukivuta kona moja ya shuka, nyengine inafunuka.

Kwa upande wa kufupisha, mimi natazama picha chache. Badala ya picha ghafi 600, piga 200, kisha ujenzi uwe wa kukokotoa kwa kurudiarudia: programu inakisia umbo, inapiga eksirei ya kihesabu, inalinganisha na picha halisi, inasahihisha, inarudia. Kwa njia ya Feldkamp picha 200 zinaacha michirizi. Kwa kurudiarudia michirizi inapungua sana. Zamani ilikuwa inachukua saa, kwa kadi za michoro za sasa ni dakika.

#8 Sauti_ya_Michenzani

Nimesoma zote hadi hapa na sijaona mtu kataja adui mkubwa: mtawanyiko, yaani mionzi inayogeuka njia ndani ya kichwa.

Kwenye CT ya kawaida yenye mwale mwembamba, mionzi iliyotawanyika ni kama 0.05 hadi 0.15 ya ile iliyonyooka. Kwenye CBCT, kwa kuwa mwale ni mpana na unalowesha kichwa kizima kwa mpigo, uwiano unafika 0.4 hadi 2. Yaani kuna pahala detekta inapokea uongo mara mbili ya ukweli. Punguza doa, badilisha vokseli, tuliza mgonjwa, takataka hiyo bado ipo. Ndiyo maana ufizi, ulimi na misuli vinatoka rangi moja.

Dawa ya leo ni kolimeta (kinachobana mwale): kama swali ni la taya la chini, urefu wa 5 cm badala ya 8. Dawa ya kesho ni programu inayokisia mtawanyiko kwa kufuata njia ya fotoni moja moja ndani ya kichwa kilichojengwa mara ya kwanza, kisha inautoa kwenye picha ghafi na kujenga tena. Gridi ya risasi nayo ipo, lakini inakula na mionzi mizuri, kwa hiyo inadai dozi zaidi, na visahani vyake vinaacha kivuli kama kalibresheni (kusawazisha detekta) haikukaa vizuri.

#9 DktMeno_Migombani

Hilo la mtawanyiko linaniruhusu kuwaomba wenzangu kitu kimoja. Tuache kuandika kwenye ripoti za vipandikizi "mfupa HU 650". Hiyo HU (Hounsfield) ni namba ya CT ya kawaida, imefungwa kwa maji kuwa 0 na hewa kuwa −1,000. Rangi za CBCT hazijafungwa hivyo: mfupa uleule ukiwa katikati ya eneo la picha unatoa namba moja, pembeni nyengine, na mashine nyengine namba ya tatu. Kama kuna boresho moja ningelipia, ni namba ya kuaminika ya uzito wa mfupa.

#10 Maalim_Fizikia

Nyongeza kwa Dokta: mtawanyiko si sababu pekee. Katika eneo dogo la 5 × 5, kila picha ghafi inabeba pia fuvu, uti wa shingo na taya la upande wa pili, vitu ambavyo kwa baadhi ya pembe vinaingia kwenye mwale na kwa pembe nyengine vinatoka. Hesabu haijui viliko, basi inagawa uzito wake ndani ya silinda ndogo, na kingo zinang'aa pasipo sababu.

Linalowezekana kiufundi: mizunguko miwili. Wa kwanza wa kichwa kizima kwa dozi ndogo sana na vokseli kubwa, wa pili wa eneo dogo kwa ukali. Wa kwanza unatumika kutoa uzito wa nje kwenye picha za wa pili.

#11 Kijana_wa_Amani

Hodi humu. Detekta inayohesabu fotoni mbona haijatajwa? Detekta za leo zinageuza eksirei kuwa mwanga, mwanga kuwa umeme, kisha zinajumlisha kila kitu, na kelele za saketi zinaingia kwenye jumla. Ile mpya inatumia kadimiamu teluridi: fotoni moja inaingia, inatoa mpigo mmoja wa umeme, mpigo unapimwa ukubwa wake. Kelele ikiwa chini ya kizingiti haihesabiwi. Hakuna mwanga wa kusambaa, kwa hiyo ukali unapanda. Na kwa kuwa kila fotoni inajulikana nishati yake, unatenganisha kalsiamu, chuma na maji. CT kubwa ya hospitali ya aina hii, NAEOTOM Alpha ya Siemens, iliidhinishwa Marekani 2021. Meno zamu yao inafuata.

Hapo namba 1, 3, na 9 zote zimejibiwa kwa mpigo mmoja.

#12 Sauti_ya_Michenzani

Kijana, punguza mwendo kidogo. Pikseli ikiwa ndogo, umeme wa fotoni moja unamwagika kwenye pikseli jirani, na fotoni moja kali inahesabiwa kuwa mbili dhaifu. Fotoni zikija nyingi kwa wakati mmoja, mipigo inapandana na mbili zinahesabiwa kuwa moja kali. Kadimiamu na teluri zenyewe zinatoa eksirei zao za keV (kipimo cha nishati) 23 na 27 zikipigwa, na hizo zinapotosha nishati. Isitoshe, fuwele kubwa isiyo na kiungo haipatikani kirahisi: detekta ya 15 × 15 cm itaungwa kwa vigae, na kwenye viungo kuna mapengo ya kuziba kihesabu.

Tena mtawanyiko hauondoki kwa kuhesabu. Fotoni ya keV 60 ikigeuka njia kwa pembe ndogo inabaki na karibu nishati yake yote. Detekta itaihesabu vizuri kabisa, na itakuwa ni ya uongo.

#13 Kijana_wa_Amani

Basi itumike detekta nyembamba inayofagia. Vigae vichache, bei chini, mtawanyiko chini.

#14 Maalim_Fizikia

Mwale mwembamba unatupa sehemu kubwa ya mionzi ya tyubu kwenye kolimeta. Skani inarefuka, na mtikisiko wa namba 4 unarudi.

#15 BintiChake

Tuje kwenye vyuma maana ndivyo vinavyotuchosha. Mgonjwa ana amalgamu mbili (ujazo wa fedha na zebaki), krauni (kofia ya jino) na jino lenye ruti kanali, anaulizwa kama mzizi una ufa. Kipi katika hivi vyenu kitasaidia?

#16 DktMeno_Migombani

Inategemea chuma. Titani ina namba ya atomu 22, zirkoni 40, fedha 47, zebaki 80. Kipandikizi cha titani kinavumilika. Cha zirkonia kinachafua zaidi ingawa kwa macho ni cheupe na kizuri. Gutapecha (ya kujazia mfereji wa jino) nayo ina oksidi ya zinki kwa wingi na mara nyingi bariamu salfeti, usiihesabu kuwa plastiki.

Kwa ufa wa mzizi, tazama hivi. Kwenye kipande cha mlalo, mstari mweusi unaotoka kwenye gutapecha, umenyooka, na unaendelea hadi nje ya mzizi ukapita kwenye mfupa, huo ni kivuli cha uongo: fotoni dhaifu zimemezwa, zimepita kali tupu, hesabu imedanganyika. Ufa wa kweli unaishia kwenye ukingo wa mzizi, na mara nyingi mfupa wa pembeni yake umelika. Programu za kupunguza kasoro za chuma zilizopo zinaipendezesha picha, lakini sizitegemei kwa ufa, kwa sababu zinaziba palipoharibika kwa kukisia kutoka jirani, na ufa upo hapohapo palipozibwa.

Nishati mbili au kuhesabu fotoni kutasaidia kwa titani na gutapecha. Kwa amalgamu nene hakuna fotoni iliyopita, na kisichofika hakihesabiwi. Njia rahisi ni kuinamisha kichwa kidogo ili bapa la amalgamu lisilingane na bapa la mzizi unaoutaka, na kuweka pamba kati ya shavu na ufizi ili vitengane.

#17 Bi_Rahaleo

Samahani naingia kati. Kwenye vyuma msisahau pini za mtandio. Kitambaa chenyewe hakina shida, eksirei haikioni. Pini moja ya chuma chini ya kidevu au nyuma ya sikio inachora michirizi kwenye kila kipande kinachopita usawa wake. Zitolewe zote, pamoja na hereni, kipini cha pua na meno ya bandia ya kuvua. Awepo mpigaji picha mwanamke, au angalau pazia na dakika mbili za kujistiri. Mtu akiona haya anaficha pini, na gharama yake ni kurudia mionzi.

#18 Mkoani_Eksirei

Ahsante Bi Rahaleo. Na shuka la risasi je? Wagonjwa wanalidai.

#19 Bi_Rahaleo

Chama cha madaktari wa meno cha Marekani, 2024, kimependekeza kuacha shuka na hata kola ya shingo, CBCT ikiwamo. Kola ikiingia kwenye mwale wa CBCT inaharibu picha ya chini ya taya, na hapo tena ni kurudia. Kinachomlinda mgonjwa ni kolimeta kubana eneo, na kutompiga picha asiyoihitaji. Hata hivyo fuata masharti ya leseni yako ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Usiamke asubuhi ukaivua kola kwa kusoma jukwaani.

#20 Kijana_wa_Amani

Turudi kwenye mada. Chenga, mtikisiko, chuma, picha chache, vyote hivyo akili mnemba inavisafisha sasa hivi. Unaifundisha kwa jozi: picha ya dozi ndogo na picha ya dozi kamili ya kitu kilekile. Baadaye unaipa ya dozi ndogo inakutolea safi. Hakuna kifaa kipya cha kununua.

#21 DktMeno_Migombani

Na ufa wa 0.1 mm ukionekana kwake kama chenga? Atausafisha. Hilo ndilo linalonitia hofu, na silisemi kwa kupinga maendeleo. Picha yenye chenga inakwambia wazi kwamba haina uhakika. Picha iliyosafishwa inakutazama kwa uso mkavu.

Mashine ikija na kitu hicho nitataka mambo mawili yasiyo na mjadala: picha isiyosafishwa iwe pembeni kwa kubonyeza kitufe kimoja, na picha ghafi zihifadhiwe, zisifutwe baada ya ujenzi.

#22 Sauti_ya_Michenzani

Naunga mkono. Naongeza la tatu: ioneshwe pale programu ilipobadilisha zaidi. Rangi juu ya picha, basi. Pia iwekwe ndani ya hesabu ya kurudiarudia ya namba 7, ambapo kila hatua inalazimika kukubaliana na picha halisi za detekta, isiwe brashi ya mwisho.

#23 Fundi_Darajani

Nami nilete la mazingira yetu, kwa sababu mashine ya kesho itasimama Wete au Mwanakwerekwe, haitasimama kwenye maonesho.

Unyevu kwanza. Wakati wa masika, hewa ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 au chini. Chumba cha CBCT kina kiyoyozi cha 22. Umeme ukikatika na mlango ukaachwa wazi ili watu wapate hewa, hewa ya nje inaingia na kutua juu ya chuma baridi: umande kwenye viunganishi, na sisi hapa hewa ina chumvi. Sesiamu iodidi inavuta unyevu, ndiyo maana detekta inafungwa kwa lakiri. Lakiri ikichoka, ukali unashuka pembeni kwanza. Mlango ubaki umefungwa, na umeme ukirudi washa kiyoyozi kabla ya mashine.

La pili ni joto. Detekta ikipigwa kalibresheni ikiwa baridi na kutumika ikiwa moto, pikseli zinatofautiana na ramani yake, unaona duara ndani ya duara kwenye vipande vya mlalo. Iache ipate joto lake la kazi kwanza, ndipo upige picha za giza (bila mionzi) na za hewa tupu (bila mgonjwa).

#24 Mkoani_Eksirei

Na umeme kukatika katikati ya skani?

#25 Fundi_Darajani

UPS (betri ya akiba) ya kompyuta haitoshi, inaokoa kompyuta tu. Tyubu ya 90 kV kwa 10 mA ni wati 900, weka mota, jenereta ya volti ya juu na upotevu, 3 kVA ya aina ya online yenye wimbi safi inabeba mashine nyingi, lakini soma bamba la nyuma la mashine yako. Stabilaiza inasawazisha volti, haihifadhi umeme. Waliokuwepo Unguja Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu bila umeme wa waya wa baharini, hawahitaji somo hili.

Boresho ninalolitaka hapa ni la programu: umeme ukikatika baada ya mkono kuzunguka nyuzi 220 kati ya 360, picha ghafi zilizopigwa ziwe zimeshaandikwa kwenye diski. Nusu duara na upana wa pembe ya mwale zinatosha kujenga picha yenye chenga zaidi kidogo. Mgonjwa keshapokea mionzi, kuitupa ni dhuluma.

#26 BintiChake

Hilo la namba 25 nalichukua kwa mikono miwili.

Nami naongeza hoja ya dozi. Miongozo ya Ulaya (chapisho 172 la 2012) inaonesha picha za meno na taya kwa CBCT kutoka µSv (mikrosivati, kipimo cha dozi) 11 hadi 674. Panorama (picha bapa ya taya lote) ni kama 3 hadi 24. Kwenye CBCT peke yake, tofauti ya mara 60 kwa kazi zinazofanana! Sehemu kubwa ya mashine hazipimi ukubwa wa kichwa. Mtoto wa miaka 8 na baba yake wanapewa "kawaida" ileile kama mpigaji hakubadilisha. Picha ya majaribio ya mionzi kidogo ingeweza kupima na kuchagua mA yenyewe, kama NewTom wanavyofanya. Iwe lazima kwa mashine zote. Mpaka hapo, andika namba ya DAP (dozi mara eneo la mwale) kila skani. Kigezo kilichotolewa Ulaya kwa kipandikizi cha gego la kwanza la juu la mtu mzima ni 250 mGy·cm².

#27 Sauti_ya_Michenzani

Kuna moja halijaguswa: chanzo. Duara moja la tyubu haliwezi kutoa habari kamili isipokuwa kwenye bapa la katikati, mtafiti Tuy alishaonesha hilo kihesabu 1983. Juu na chini ya eneo kubwa la picha, mifupa bapa inafifia. Wanaotafiti vyanzo vya nanotyubu (mirija midogo mno) za kaboni, Chuo Kikuu cha North Carolina wakiwamo, wanapanga vyanzo vidogo vingi vinavyowashwa kwa zamu bila nyuzi ya kupasha moto. Kila chanzo kina kolimeta yake nyembamba, basi mtawanyiko unapungua, na kwa kuwa vimepangwa wima, kasoro ya juu na chini inapungua pia.

#28 Maalim_Fizikia

Na kila chanzo kina mA chache. Tumerudi kwenye wati za namba 6.

#29 Kijana_wa_Amani

Maalim kila mlango una kufuli lake kwako 😀 Tukusikie basi: mtawanyiko au detekta, kipi kinaharibu zaidi?

#30 Maalim_Fizikia

Kinapimika, kwa mashine uliyonayo. Kopo la plastiki la kipenyo cha 16 cm, maji, katikati ya mzunguko. Skani moja kolimeta ikiwa 8 cm, ya pili 4 cm, kV na mA zilezile, vokseli ileile. Chora mstari wa rangi kutoka ukingo hadi ukingo. Katikati patakuwa peusi kuliko pembeni, kama bonde. Mionzi kukomaa ndani ya maji (dhaifu kumezwa, kali kubaki) haitegemei urefu wa kolimeta, kwa hiyo tofauti ya bonde la kwanza na la pili ni ya mtawanyiko. Chenga zikibaki kubwa hata kwa 4 cm, lawama nusu yake ipeleke kwenye detekta.

#31 Sauti_ya_Michenzani

Sikubali kipimo hicho. Mashine nyingi zina marekebisho ya ndani yanayobadilika ukibadilisha eneo la picha, utapima programu na si fizikia. Pima kwenye picha ghafi: bandika kipande cha risasi cha unene wa 3 mm, kipenyo 5 mm, kwenye kopo upande wa tyubu. Ndani ya kivuli chake, baada ya kutoa picha ya giza, namba yoyote inayobaki ni mtawanyiko.

#32 Maalim_Fizikia

Au ni mwanga uliosambaa ndani ya sintileta (ile sesiamu iodidi) kutoka pembeni mwa kivuli, na hiyo ni detekta. Piga risasi ileile bila kopo, hewani. Kinachobaki hewani ni cha detekta, kitoe, kisha tuzungumze. Sasa nani ana mashine inayokubali kutoa picha ghafi bila nenosiri la mtengenezaji?